Moto wa Bani

Baba yangu alilima tumbaku ya moshi upande wa Namtumbo, na kila msimu, majani yalipokwisha kufungwa kwenye fito na kupandishwa bani, banda la kukaushia, usingizi wa nyumba yetu ulikuwa wa zamu. Wasioijua tumbaku hudhani kazi ya bani ni kuwasha moto. Kuwasha aliweza hata mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Kazi ilikuwa kuukalia. Magogo yalilazwa sakafuni, yakafuka bila ndimi, nasi tukakaa mlangoni tukisikiliza, kwa kuwa moshi haukuruhusu kuona. Jani lililokauka likikatika kwenye kamba na kudondokea kaa hutoa mlio mfupi, kama mtu anayefyonza. Baba aliusikia hata akiwa amesinzia. Anaingia na tawi bichi, anapiga, anatoka akikohoa. Mwaka mmoja jirani yetu hakuusikia. Asubuhi tulikuta nguzo nne na majivu, na jasho la mwaka mzima limekwenda kwa jani moja.

Mlio ule umenirudia ukubwani kwa sababu ya tumbo la mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 24, fundi umeme hapa Songea mjini, mtu wa kupanda paa na kushuka huku akipiga mluzi. Maumivu yalianzia chini ya kitovu, upande wa kulia. Kukaja kuharisha, kisha homa ndogo za jioni, kisha mkanda wake ukaanza kudai matundu mapya. Kipimo cha kwanza kikasema taifodi. Akamaliza dozi. Baada ya mwezi ikawa taifodi sugu, neno ambalo kwetu limekuwa kabati la kutupia kila homa isiyo na mwenyewe. Baadaye ameba. Baadaye minyoo. Baadaye vidonda vya tumbo, maana hapa mtu mzima akishika tumbo tu, jirani anamwambia ana vidonda na kumtajia mizizi. Flagyl aliinywa mpaka akasema hata chai ina ladha ya msumari. Halafu daktari mmoja, kwa nia njema na kwa sababu ya kutosha, akamwanzishia dawa za kifua kikuu cha tumbo. Akazimaliza zote, miezi 6, na tumbo likabaki palepale.

Mwishowe tulikwenda mbali na Ruvuma. Akaingizwa kamera, vikanyofolewa vipande vya nyama visivyozidi punje ya ulezi, na jibu likaja na jina la Kizungu.

"Crohn," nilimwambia mama.

"Ndiyo nini?"

"Jina la daktari, mama. Wa New York. Ndiye aliyeuandika."

"Kwani yeye aliumwa?"

"Hapana."

"Basi amepata jina kwa maumivu ya watu," akasema, akaendelea kupepeta.

Mama hakujua amegusa penyewe. Makala iliyoutangaza ugonjwa huo mwaka 1932 iliandikwa na watu watatu: Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Majina yakapangwa kwa alfabeti, C ikatangulia G na O, na alfabeti ikamkabidhi mmoja wao ugonjwa mzima. Nao ni ugonjwa wa kuchagua. Unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, lakini unapenda hasa pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, na huacha viraka: hapa pamebabuka, hapa pazima, hapa pamechimbika tena.

Neno la kitaalamu kwa kinachotokea pale ni mchochota. Nimelifundisha miaka mingi kwenye somo la baiolojia na bado linanitoa jasho nje ya darasa. Nesi hasemi mchochota. Anasema, "Kuna uvimbe kwenye utumbo." Na mgonjwa wa kwetu akisikia uvimbe anasikia saratani, anaanza kuwaza shamba atamwachia nani. Mdogo wangu aliwaza. Nilipomweleza kuwa si uvimbe wa namna hiyo, ni mchochota, akaniuliza kama hilo nalo ni jina la daktari. Neno lenyewe si baya. Ndani yake mna kuwasha na kuchoma, mna ule moto wa pilipili iliyogusa mkwaruzo. Tatizo ni kwamba limebaki kwenye vitabu, na uvimbe umebaki kwenye vinywa.

Alitaka kujua nani amemfanyia hivi. Hakuuliza "nini", aliuliza "nani", na sikumcheka, kwa sababu kila jina aliloandikiwa kabla ya hapo lilikuwa na mtu ndani yake: mdudu, mnyoo, kimelea, kitu cha nje kilichoingia na kinachoweza kutolewa. Sasa naambiwa nimweleze kwamba hakuna aliyeingia.

Nilianza na ukuta. Upande wa ndani wa utumbo umetandikwa tabaka la seli lenye unene wa seli moja. Moja tu, nalo hujifanya upya kila baada ya siku nne au tano. Upande huu wa tabaka wanaishi bakteria. Mwili mzima unakadiriwa kubeba trilioni 38, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Upande wa pili ni damu. Mwili hauwezi kuwaua wote hawa wala haufaidiki kuwaua, kwa hiyo umeweka ute katikati na walinzi nyuma ya ute. Walinzi hao hawana macho. Wana vipokezi, protini zinazopapasa. Kimoja hutambua mafuta yaliyo kwenye koti la bakteria wa aina fulani. Kingine, NOD2, hukaa ndani ya seli kikisubiri vipande vya ukuta wa bakteria.

Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn wana jeni ya NOD2 yenye makosa. Wengi wangetarajia makosa yale yamfanye mlinzi awe mkali kupita kiasi, na kumbe yalimfanya kiziwi. Hasikii kipande cha ukuta kinapodondoka, wadudu wanasogea kuliko inavyopasa, na wakati walinzi wengine wanapozinduka moto umekuwa mkubwa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule jirani na nguzo zake nne. Ila sikuweza kumpa mdogo wangu maelezo hayo kama yake. Makosa yale ya NOD2 yalipatikana kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra sana. Kilichomfanya mlinzi wake yeye asisikie hakijaandikwa kwenye kitabu chochote nilicho nacho kabatini.

Kinachofuata baada ya kipokezi kuguswa ni kizuri kiasi kwamba naona aibu kukifurahia, maana kinamtesa mtu wangu. Habari haibebwi na mjumbe mmoja. Protini moja huibandika nyingine chembe ya fosfati, iliyobandikwa huamka na kuibandika ya tatu, na mwisho wa mnyororo iko protini iitwayo NF-kapa-B. Ranjan Sen na David Baltimore waliitambua Marekani mwaka 1986, wakichunguza chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, na jina lake baya ni kumbukumbu ya mahali walipoikuta. Baadaye ikaonekana karibu kila seli inayo. Haitengenezwi pale hatari inapokuja. Imo siku zote, tayari, imefungwa na protini nyingine iitwayo I-kapa-B, kama mbuzi na kamba yake. Habari ikifika, kimeng'enya kinaigonga kamba muhuri wa fosfati, kamba inapelekwa kwenye kinu cha seli na kusagwa, na mbuzi anaingia shambani. Shamba ni kiini cha seli. Humo NF-kapa-B huamsha mamia ya jeni: za kuita chembe nyeupe, za kulegeza mishipa ya damu, za kupandisha homa, na jeni ya mjumbe mmoja anayeitwa TNF, ambaye nitamrudia.

Miongoni mwa jeni za kwanza kuamshwa imo jeni ya I-kapa-B. Yaani mbuzi, angali anakula, anaanza kusuka kamba mpya ya kujifungia. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walizitazama seli zilizo hai kwa darubini zikiwa zinasumbuliwa na TNF, wakaona NF-kapa-B ikiingia kwenye kiini na kutoka, ikiingia na kutoka, kila baada ya dakika 100 hivi. Amri ya kuwasha imebeba ndani yake amri ya kupunguza. Moto wa mwili umeumbwa pamoja na mtu wa kuukalia.

Kwenye utumbo wa mdogo wangu mtu huyo amezidiwa. TNF inayotoka kwenye seli moja inabisha kwa seli ya jirani, na kinachoitikia nyuma ya mlango ni NF-kapa-B nyingine, inayoagiza TNF zaidi. Kamba zinasukwa lakini zinakatwa haraka kuliko zinavyosukwa. Chembe nyeupe zilizoitwa zinafika, hazimkuti wa kupigana naye, na silaha zao zinaishia kwenye ukuta wenyewe.

Mwenzangu anayefundisha historia alinishauri nitumie vita vya Majimaji. Songea ukitafuta mfano wa chochote, mtu atakuelekeza huko. Mji una jina la Nduna Songea Mbano, na kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Chembe nyeupe ni mashujaa, akasema, bakteria ni Wajerumani, wanafunzi hawatasahau. Nilikataa. Vita vile vilikuwa na adui, tena aliyejulikana kwa bendera na bunduki yake. Ukimwambia mgonjwa wa Crohn kwamba mwili wake unapigana, atauliza unapigana na nani, na utakuwa umemrudisha kwenye lile "nani" lililomzungusha miaka mitatu.

Sasa TNF. Wanafunzi wangu huiona kama kitu cha maabara za ng'ambo, nami huwaambia habari yake inapita kwenye pori letu. Kutoka Namtumbo kwenda kaskazini, kuelekea yaliyokuwa mapori ya Selous, ni nchi ya miombo na mbung'o. Anayefuga huko anaijua nagana: ng'ombe anakonda nyasi zikiwa zimemfika tumboni, mbavu zinahesabika, anakufa kama aliyenyimwa chakula. Ni ng'ombe wa namna hiyo, ng'ombe wa Afrika wenye nagana, waliomshughulisha Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mnyama anakwisha, na vimelea kwenye damu yake ni wachache mno kuweza kula mwili mkubwa hivyo. Basi anayemla ni nani? Cerami na wenzake waliwaambukiza sungura, wakafuatilia mafuta yaliyojaa kwenye damu zao, na miaka ikapita mpaka wakaelewa kwamba kimelea hakili. Kinachomwangusha mnyama ni kitu anachokitoa mwenyewe. Wakakiita kakektini, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya hali mbaya. Bruce Beutler alipokisafisha kwenye maabara ya Cerami, mwaka 1985 ilidhihirika kwamba ni kilekile ambacho kundi la Lloyd Old lilikuwa limekipa jina la TNF mwaka 1975, kwa sababu kiliozesha saratani za panya. Kitu kimoja, jina moja la sifa na jina moja la lawama.

Mkanda wa mdogo wangu na mbavu za ng'ombe aliyeumwa na mbung'o ni habari moja. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, kwa hiyo mimi nina nagana bila mbung'o." Sijawahi kukutana na maelezo mafupi kuliko hayo, na nimeyatumia darasani bila kusema ni ya nani.

Kama mjumbe anajulikana, anaweza kuzuiwa njiani. Kingamwili iliyotengenezwa kumkamata TNF ilikuwa imekusudiwa watu waliozidiwa na sumu za bakteria kwenye damu, na huko haikufua dafu. Mapema miaka ya 1990 madaktari wa Amsterdam wakampa msichana mmoja mwenye Crohn ambaye dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Akapata nafuu, wakaandika habari zake mwaka 1993, na mwaka 1998 dawa hiyo, infliximab, ikaruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huo. Kuna watu duniani leo wanaokula, wanaofanya kazi na kulala usiku kucha kwa sababu yake.

Lakini TNF haikuwekwa mwilini kwa bahati mbaya. Mtu akivuta mdudu wa TB, mara nyingi mwili haumwui. Unamzungushia ukuta wa chembe nyeupe na kumweka kifungoni, pengine maisha yote. Inakadiriwa robo ya watu duniani wamebeba mfungwa huyo. Anayeushikilia ukuta usibomoke ni TNF. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 70 walioamkiwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliximab, wengi wao ndani ya miezi michache. Tanzania ilikuwamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB. Kumnyang'anya mtu wa Songea TNF yake ni jambo la kufikiri mara mbili, na kumpima mara tatu.

Na hapo ndipo ninapomwelewa yule daktari wa miezi 6. TB ya tumbo hupenda kona ileile ya utumbo inayopendwa na Crohn. Hukondesha vilevile, hupandisha homa jioni vilevile, na chini ya darubini magonjwa yote mawili huweza kuonyesha vifundo vya chembe vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja. Ukimpa mwenye TB dawa za kuzima kinga unaweza kumwua. Ukimpa mwenye Crohn dawa za TB unampotezea nusu mwaka. Katika nchi hii daktari anayeanza na TB anahesabu vizuri. Mdogo wangu hakubaliani nami juu ya hilo, na nusu mwaka ilikuwa yake.

Infliximab hakuipata. Bei ya chupa moja tuliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko mshahara wangu, na chupa haziwi moja. Alipewa prednisoloni, vidonge vidogo vya bei nafuu visivyokosekana kwenye duka la dawa la mjini, pamoja na azathioprini ya kuendelea nayo. Na mimi, kwa kuwa sina tiba nyingine, nikaenda kusoma prednisoloni inafanya nini. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba dawa za jamii hiyo, pamoja na mengine mengi zinayoyafanya, zinazifanya seli zitengeneze I-kapa-B zaidi. Kidonge kile cheupe kinasuka kamba. Kinasuka pia mambo mengine ambayo hukuyaomba. Uso wa mdogo wangu ulijaa na kuwa duara kama mwezi, mashavu yakang'aa, na mtaani Lizaboni watu wakampa hongera: amenenepa, amepona. Aliitikia ahsante. Mifupa na sukari yake ndivyo vilivyokuwa vinalipa.

Mama alikuwa na nadharia yake: sembe. Vijana wa siku hizi wanakula unga mweupe, alisema, ndiyo maana matumbo yao hayana kazi. Nikiwa mwalimu, nilitaka kumsahihisha. Nikashindwa, kwa sababu wasomi waliotangulia walisema karibu maneno hayohayo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kiayalandi, alifanya kazi Uganda karibu miaka 20 hadi 1966, na baada ya kuondoka aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni akiwauliza wanaona magonjwa gani. Magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu huku. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya choo, ndiyo, choo, uzito wake na muda wa chakula kupita tumboni, na Waafrika wa vijijini wakaibuka washindi kwa mbali. Akawa mhubiri wa nyuzinyuzi hadi kufa kwake. Nina shaka na sehemu moja ya hesabu yake: ugonjwa unaohitaji kamera hauwezi kuonekana pasipo na kamera. Mdogo wangu angekuwa kijana wa mwaka 1960 angekufa na jina la taifodi, na Burkitt angeandikiwa kwamba Songea hakuna Crohn.

Hata hivyo kuna ukweli kwenye unga. Songea ni nchi ya mahindi, na kila mtaa una mashine. Anayekoboa anaondoa ganda na kiini, anabaki na weupe. Si upuuzi mtupu: kiini kina mafuta, na dona, unga usiokobolewa, huharibika mapema. Pumba zinazotoka huenda kwa kuku na kwa nguruwe, ambao hapa Songea hawakosi wapenzi. Sehemu ya chakula tusiyoweza kuimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana huichachusha na kutoa butireti, asidi fupi yenye harufu ya samli iliyochina. Harufu mbaya, kazi kubwa. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata kama asilimia 70 ya nguvu zao humo. Butireti pia huingia kwenye mazungumzo ya kinga. Huwabana walinzi wasiitikie kila mguso, na mwaka 2013 tafiti za panya zilionyesha inaongeza aina ya chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kutuliza wenzao. Mmoja wa bakteria wanaoitengeneza kwa wingi hupungua kwa wagonjwa wa Crohn. Hilo lilijulikana mwaka 2008.

Nisije nikaiimba pumba kupita stahili yake. Ganda la hindi ni gumu na sehemu kubwa hupita kama lilivyoingia. Maharage ni bora. Na kiporo cha ugali, kile tunachokila asubuhi na chai, ni bora kuliko kinavyoonekana, kwa sababu wanga ukipoa hujipanga upya na sehemu yake hukataa kumeng'enywa, ikawafikia bakteria salama.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi ulitoka Kilimanjaro. Godfrey Temba na wenzake wa KCMC, Moshi, pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichapisha mwaka 2021 utafiti wa watu 323 wenye afya. Chembe za damu za wakazi wa mjini zilimwaga wajumbe wa mchochota wengi kuliko za wakazi wa vijijini. Mwaka 2025 wakaenda mbali zaidi. Walichukua wanaume 77. Wa kijijini wakalishwa kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakalishwa chakula cha asili, ndizi, maharage, nafaka zisizokobolewa, mboga, na kundi jingine la mjini likanywa mbege, pombe ya ndizi, wiki moja. Kwa waliohamia chakula cha kizungu, alama za mchochota kwenye damu zilipanda. Kwa waliorudi kwenye cha asili na kwa wanywaji wa mbege zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Mama aliposikia habari ya mbege aliuliza mbona hawakuja Ruvuma kupima togwa. Mimi niliuliza mbona hawakupima wanawake.

Ila hao walikuwa wazima. Na mdogo wangu, nadharia ya mama kwake inavunjika kabisa, maana hakuna aliyekula dona kama yeye. Tulikuzwa nalo. Baba hakuamini sembe, aliita chakula cha wagonjwa. Kiporo na maharage ndivyo vilivyotupeleka shule. Kama kuna mtu ambaye bakteria wake walilishwa vizuri ni huyu. Labda ni dawa nyingi za kuua wadudu alizomeza kabla ya jina sahihi kupatikana, labda ni jeni ambayo hakuna aliyeitafuta kwa watu kama sisi, labda ni moshi wa bani. Sigara huongeza makali ya Crohn, hilo linafahamika, naye alianza kuvuta akiwa na miaka 15, akisokota mabaki ya fito za baba. Nimeacha kupanga sababu. Nikizipanga, kila moja inasimama, na hakuna inayotembea.

Na sasa kuna mzaha mwingine. Utumbo ukichachamaa, pale uliposinyaa, nyuzinyuzi zinakwaruza. Daktari amemwambia siku za namna hiyo ale laini: uji, wali, sembe. Baba angecheka, au angelia.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mashine, yeye na mimi, na madebe mawili. Alikuwa ametoka kwenye wiki mbaya, akakaa kwenye gunia karibu na mlango, mikono juu ya tumbo.

"Shikamoo madam," alisema kijana wa mashine, niliyemfundisha kidato cha pili.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Yote dona kama kawaida?"

"Debe hili koboa. Hili lingine dona."

"Na pumba?"

"Za mama. Ana nguruwe."

Akawasha. Vumbi likapanda, mabati yakatetemeka, ikabidi nisogee mlangoni. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani maumivu yamerudi. Nikamgusa bega.

"Dada, unasikia?" akasema.

"Nini?"

"Beringi ya mota. Inaanza kulia. Mwambie azime."

Nilitega sikio. Sikusikia kitu.